Damu kwenye Jezi Namba Kumi na Nne

Nairym Collazo alifungua karatasi ya takwimu kwenye simu akiwa amesimama jikoni kwa mama yake, pamba puani na macho yamevilia damu, akadhani amefungua ya mchezo mwingine. Akaangalia tarehe. Akaangalia jina la wapinzani: Kanada. Mchezo ulikuwa huohuo wa jana, ule uliowapa tiketi ya Kombe la Dunia la mpira wa kikapu. Na mbele ya jina lake palikuwa na pointi mbili na ribaundi moja, mpira mmoja tu aliodaka ukirudi kutoka kikapuni.

"Wameniibia," alisema.

Mama yake, doña Ramonita, alikuwa anaponda ndizi mbichi ili azirudishe kwenye mafuta. Hakugeuka. "Nani tena?"

"Soma mwenyewe."

Doña Ramonita alijifuta mikono, akaichukua simu na kuishika mbali na uso kwa sababu miwani ilikuwa chumbani. "Pointi mbili? Mimi sauti imenikauka hivi kwa pointi mbili?"

"Shuka chini. Angalia Montalvo."

"Ishirini na saba. Ribaundi kumi na mbili." Mama alicheka, lakini hakikuwa kicheko cha furaha. "Si huyu mtoto aliyeteguka mguu hata sijakaa vizuri kwenye kiti?"

Ndiye. Kiaralis Montalvo, nyota wa timu ya taifa ya wanawake, msichana ambaye picha yake ilibandikwa mpaka kwenye vibanda vya mkate, aliteguka kifundo robo ya kwanza akiwa na pointi nne. Akabebwa, akakalishwa mwisho wa benchi na barafu mguuni, na hapo ndipo alipomalizia mchezo. Robo ya tatu ilipoanza, beki mmoja wa Kanada aligeuka na kiwiko chake kikatua puani mwa Nairym. Damu ikamwagika kwenye jezi yake namba tisa, na kanuni haina mjadala: jezi yenye damu haichezi. Mchezaji hupewa ya akiba, isiyo na jina, yenye namba isiyotumiwa na mwingine.

Don Cheo, mtunza vifaa, alifungua sanduku. Jezi ya akiba haikuwemo. Alikuwa ameitoa kwa padri wa kwao, iwe zawadi ya bahati nasibu ya kanisa, maana katika kisiwa hiki hakuna mtu anayefanya kazi na timu ya taifa halafu akaachwa kwa amani na ndugu, majirani na mapadri wanaotaka jezi. Alisimama na mikono mitupu kama mgeni aliyesahau zawadi. Kamishna wa mchezo akakubali, kwa kuwa Kiaralis harudi tena uwanjani, Nairym avae jezi yake, kumi na nne, na jina la Montalvo lifunikwe kwa plasta. Ilimbana mabegani. Akaingia nayo uwanjani akiwa na hasira ya pua na hasira ya jezi, akafunga pointi ishirini na tatu.

Miaka kumi na mmoja ya timu ya taifa, na hakuwahi kucheza hivyo. Kila alichorusha kiliingia. Wakanada walimwekea watu wawili, akapita katikati yao. Sekunde ya mwisho aliruka kuchukua ribaundi, mkono wa mtu ukampiga palepale puani, filimbi ikalia, na damu ikamtiririka kifuani, juu ya namba kumi na nne. Wenzake wakamrukia. Hakuna aliyekumbuka meza ya takwimu.

Na meza ya takwimu ilifanya nini? Kompyuta yao ilimjua namba kumi na nne kwa jina moja tu. Mchapaji alimuuliza kamishna, akaambiwa aendelee, watarekebisha mwisho. Mwisho ulipofika watu walikuwa wanacheza ngoma juu ya viti, kamishna anapiga picha, na karatasi ikaenda duniani kama ilivyo. Wanaojua walikuwa wale waliokuwepo ukumbini, na ukumbi haukujaa. Wengine wote kisiwani, wasio na jenereta kama ukumbi, umeme uliwakatikia wakati wa mapumziko, kama kawaida yake, ukarudi alfajiri. Waliamka wakasoma takwimu kwenye simu, wakasema Montalvo ni shetani, amecheza na mguu mmoja.

"Ni kosa tu," doña Ramonita alisema, akirudisha ndizi kwenye mafuta. "Nenda kwa wakili asaini, warekebishe."

Wakili Irizarry alikuwa mwakilishi wa timu. Karatasi ya takwimu hubadilishwa kwa ombi lenye saini yake, si ya mwingine. Kwa kawaida Nairym asingehangaika. Lakini kocha wao alikuwa amemaliza mkataba na kurudi kwao, na mpya, mama mmoja wa Serbia aitwaye Dragica Vukelić, alikuwa bado hajatua. Angetua Jumatatu, na Ijumaa angetaja kumi na wawili wa kwenda Ulaya kwenye Kombe hilo. Hakumjua mtu. Angechagua kwa takwimu na kwa mikanda ya video, na kwenye video Nairym alikuwa mwanamke mwenye bandeji usoni na namba ya mtu mwingine mgongoni. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na nne. Kombe la Dunia lililopita alikatwa siku moja kabla ya ndege, na lile la kabla yake alikatwa uwanja wa ndege, sanduku likiwa tayari kwenye mizani. Hakukuwa na lingine baada ya hili.

Irizarry alimpokea vizuri mno, na hilo peke yake lilimtia Nairym wasiwasi. Akamvutia kiti, akaulizia pua, akaagiza kahawa.

"Nimekuja kwa ajili ya ile karatasi," Nairym alisema.

"Najua, mwanangu. Tumeiona."

"Basi saini."

Irizarry aliweka kijiko kwenye sahani taratibu. Alikuwa na namna ya kuongea kama anampigia mtu hesabu ya dawa. "Kuna watu wa Kahawa Cerro Hondo. Unawajua. Wamempigia simu Kiaralis kabla hata sijaamka. Wanataka tangazo lake kila ukuta. Mguu umeteguka, pua imevuja damu, na bado anafunga ishirini na saba. Wameomba ile jezi. Wanaitia kwenye fremu, na damu yake hivyohivyo."

"Damu ya nani?"

"Nairym, tafadhali."

"Nakuuliza, wakili. Damu ya nani?"

"Wanailipia timu nzima safari," alisema Irizarry. "Nzima. Na wewe ukiwemo."

Nairym alisukumia kikombe chake mbali. Alikuwa na watu wengi wa kuwakasirikia, kamishna, mchapaji, don Cheo na padri wake, lakini wale walikosea tu. Huyu hakukosea. Huyu aliliona kosa limelala njiani, akaliokota na kulitia mfukoni.

"Kocha mpya ataniangalia ataona pointi mbili," alisema.

"Kocha mpya atasikiliza ushauri. Mimi ndiye nitakayempokea." Irizarry aliinama mbele. "Umo kwenye kumi na wawili. Nakupa neno langu. Wewe achana na karatasi, nami sitaacha jina lako lidondoke. Unataka nini zaidi? Unataka kwenda Ulaya, au unataka kusomwa kwenye simu?"

Alitaka vyote viwili. Ndilo jambo lililomuudhi njia nzima ya kurudi kwao Morovis: kwamba alitaka vyote viwili, kwamba vyote viwili vilikuwa vyake, na mtu aliyevaa saa ya dhahabu amevigawa na kumwambia achague kimoja.

Alipitia kwa Kiaralis. Msichana alifungua mlango kwa magongo, nywele zimefungwa kitambaa, na alipoona ni nani uso ukamshuka.

"Dada Nairym. Nilikuwa nataka kukupigia."

"Simu yako imeteguka pia?"

Kiaralis alitazama chini. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, na Nairym ndiye aliyemfundisha kufunga viungo kwa plasta kambi yake ya kwanza. "Mimi sikusema kitu, naapa. Niliamka nikakuta watu wananipongeza. Nikasema si mimi."

"Ulimwambia nani?"

"Dereva aliyenirudisha kutoka hospitali."

"Dereva." Nairym alitikisa kichwa. "Na Irizarry ulimwambia?"

"Aliniambia ameshaongea na wewe. Kwamba mmeelewana."

"Alikuambia lini?"

"Asubuhi."

Asubuhi Nairym alikuwa bado jikoni kwa mama yake. Alisimama pale mlangoni akimtazama yule mtoto, pua yake nyembamba, imenyooka kama ilivyozaliwa. Alitaka kumtukana, na matusi yalikuwa tayari mdomoni. Lakini Kiaralis akasema, kwa sauti ndogo, "Watu wa kahawa wameshamlipia mama yangu nyumba miezi sita, dada," na Nairym akageuka akaondoka, amekasirika zaidi kwa kuwa amenyimwa hata mtu wa kumtukana kwa raha.

Nyumbani mama yake alikuwa amekaa barazani na sahani ya chakula kilichopoa. Nairym alimweleza yote. Alitegemea mama awake moto, maana doña Ramonita alikuwa mtu wa kugombana hata na redio.

"Nenda," mama alisema.

"Niende wapi?"

"Nenda Ulaya. Nyamaza uende. Mara mbili nimekusindikiza nikarudi na wewe kwenye gari hilohilo, unalia mpaka Vega Baja. Sina nguvu ya mara ya tatu."

"Mama, ni jasho langu."

"Najua ni jasho lako. Mimi ndiye ninayefua." Doña Ramonita alimsogezea sahani. "Kula. Watu watasahau karatasi. Wewe hutasahau kama ulikwenda au hukwenda."

Basi Nairym akameza. Alimtumia Irizarry ujumbe wa neno moja, *sawa*, kisha akaenda nyuma ya nyumba na kurusha mpira kwenye kikapu cha zamani kilichopinda mpaka mikono ikamkataa. Wiki nzima aliwafundisha watoto wa shule mazoezi ya viungo na kila aliyempongeza Montalvo mbele yake alimjibu kwamba ni kweli, yule msichana ni hatari. Neno hilo lilimkwangua koo kila lilipopita.

Sherehe ilikuwa Alhamisi, katika ukumbi wa hoteli uliokodiwa na watu wa kahawa. Wachezaji wote waliambiwa wavae suti za timu na kusimama mstari wa nyuma. Mbele kulikuwa na jukwaa, na juu yake fremu imefunikwa kitambaa cha rangi ya kahawa. Kocha Vukelić alikaa kiti cha mbele, mwanamke mrefu wa nywele za kijivu, Irizarry pembeni yake akimtafsiria sikioni. Don Cheo alikuwa ukutani na kikombe mkononi. Alipomwona Nairym aligeuza uso. Tangu siku ile alikuwa anamkwepa kwa aibu, na sasa alifanana na mtu anayesubiri kuitwa na hakimu.

Kitambaa kikavutwa. Jezi ilikuwa imetandazwa nyuma ya kioo, namba kumi na nne, na damu imekauka kifuani na kuwa kahawia. Watu wakapiga makofi. Wengine walisogea na simu kupiga picha ya doa. Nairym alilitazama doa lake na kuhisi kitu kigeni, kama mtu aliyekuta nguo zake za ndani zimeanikwa uwanjani, na watu wanazisifu.

Vumilia, alijiambia. Kesho linatajwa jina. Vumilia.

Irizarry alipanda jukwaani na kusimulia. Alisimulia vizuri, mwizi yule. Kiwiko, damu, jezi, msichana aliyekataa kutoka. Hakumtaja Nairym kwa wema wala kwa ubaya. Alimruka tu, kama mtu anavyoruka dimbwi. Kisha akamwita Kiaralis, aliyepanda akichechemea, na mtu wa kahawa akamwekea kipaza sauti mdomoni.

"Tuambie," alisema yule mtu, "ulipopigwa pale usoni, uliwaza nini?"

Kiaralis alihamishia uzito kwenye mguu mzima. Macho yake yalikwenda mstari wa nyuma, yakamkuta Nairym, yakakimbia. Hapo angeweza kusema lolote. Angeweza kusema hakumbuki, akacheka, akashukuru Mungu, akashuka.

"Iliniuma sana," alisema. "Lakini niliwaza kisiwa changu."

Nairym alisikia makofi kwa mbali. Usiku ule hakuwaza kisiwa chochote. Aliwaza kupumua, kwa sababu pua ilikuwa imeziba na alikuwa anavuta hewa kwa mdomo na kumeza damu yake mwenyewe, ya chumvi, ya moto, robo mbili nzima. Pointi wangechukua. Ribaundi wangechukua, na picha, na ukuta. Lakini maumivu? Mtu anakuchukulia hata maumivu, halafu anayasimulia vibaya?

Alikuwa ameshatoka kwenye mstari kabla hajaamua. Jukwaani walikuwa wameifungua fremu kwa nyuma na kuitoa jezi, kwa kuwa Kiaralis alitakiwa kuisaini jezi mbele ya kamera kabla haijafungwa moja kwa moja. Kalamu nene nyeusi ilikuwa mkononi mwa msichana. Alikuwa ameshaandika jina lake chini, pembeni, kwa herufi ndogo.

"Nipe," Nairym alisema.

Kiaralis akampa. Alimpa upesi mno, kama mtu aliyeshika sufuria ya moto na hatimaye amepata pa kuitua.

"Nairym, shuka," Irizarry alisema kwa tabasamu, meno yamebanwa. "Shuka, mwanangu. Kesho ni kesho."

"Kaa na kesho yako."

Aliinamia jezi na kuandika katikati ya kifua, juu ya doa, kwa herufi kubwa za ubao wa shule: NAIRYM COLLAZO. Wino ulikwama kidogo mahali damu ilipokuwa nene, akarudia. Kisha akakiendea kile kipaza sauti.

"Hii ni damu yangu," alisema. "Pua ni hii hapa, imevunjika, mtu yeyote aje aishike. Ya Kiaralis iko salama, mwangalieni. Pointi ishirini na tatu ni zangu. Wakili anajua. Kiaralis anajua. Kila aliyekuwa ukumbini anajua, na mmenyamaza wote, na mimi nilinyamaza wiki nzima kwa sababu niliahidiwa ndege. Nimechoka kunyamaza. Kahawa yenu chungu."

Hilo la kahawa halikuwa la lazima, lakini lilimtoka.

Ukutani, don Cheo alianza kupiga makofi peke yake, kikombe kikiwa bado mkononi, kahawa ikimwagikia shati. Kocha Vukelić alikuwa amesimama. Alitazama pua ya Nairym. Akatazama pua ya Kiaralis. Akauliza kitu kifupi, na Irizarry akamjibu kwa maneno mengi sana, akigusa kichwa chake kwa kidole kama mtu anayeeleza habari za mgonjwa. Kocha alisikiliza mpaka mwisho. Nairym aliyaona macho yake na akajua kwamba amejua. Kisha kocha akaketi, akakunja mikono, akatazama mbele.

Hilo lilimuuma kuliko kiwiko.

Ijumaa walitaja kumi na wawili. Doña Ramonita alikuwa ameweka redio mezani, na jina la kumi na mbili lilipopita, nalo si la binti yake, aliizima bila kuitukana, jambo ambalo Nairym hakuwahi kuliona. Mama akasema, "Wajinga," akainuka kuosha vyombo, na akaviosha kwa kelele mpaka sahani moja ikapasuka.

Takwimu hazikubadilishwa. Irizarry hakusaini, na mtu akitafuta leo atakuta Montalvo ishirini na saba, Collazo mbili.

Simu ya don Cheo ililia Jumapili, wakati wa chakula.

"Binti yangu, usikate," alisema. "Ile jezi ya padri ni kosa langu, na nitalibeba."

"Sina ugomvi na wewe, don Cheo. Sema."

"Wameniletea jezi. Watu wa kahawa wamekasirika, wanataka jina lako litoke, fremu itundikwe mlangoni pa ofisi. Wakaniuliza kama wino ule unatoka."

"Unatoka?"

"Unatoka. Nimefua jezi miaka thelathini, hakuna wino nisioujua." Alikohoa. "Lakini nikawaambia, jina liko juu ya damu. Nikisugua jina, damu inaondoka nalo. Sabuni haichagui. Mtabaki na jezi nyeupe safi ambayo hakuna mtu aliyeumia ndani yake. Semeni mnataka nini."

Nairym aliweka uma chini. "Wakasemaje?"

"Walijifungia ndani na wakili saa nzima. Wakatoka, wakasema iache. Wameigeuza tu, mgongo ndio unaoonekana, plasta imebanduliwa, na jina la Montalvo lililochapwa. Lakini kitambaa ni chepesi, binti yangu, na wameitundika penye taa."

Pua ilimuuma Nairym, kama ilivyomuuma kila alipokunja uso, na alikuwa amekunja uso tangu Ijumaa. Hasira haikuwa imepungua hata kidogo.

"Linasomeka?" aliuliza.

"Kinyumenyume," don Cheo alisema. "Lakini linasomeka."